Siku Mguu wa Cherehani Ulipotulia

Wasikilizaji wapendwa, vuta kiti ukae. Na kama wewe si mtu wa kukaa, simama tu, zunguka chumba, panga vyombo huku unasikiliza. Mwanamke tunayemkumbuka leo angekuelewa.

Nyumbani, kazini na mtaani alikuwa na jina moja: Cherehani. Hakuwahi kushona hata kifungo. Jina lilitokana na mguu wake wa kulia. Akikaa tu, mguu unaanza chini ya meza, tiki tiki tiki, kama mtu anayekimbizana na nguo za sikukuu. Mama yake tulimkuta sebuleni, ameshika kikombe cha chai iliyokwisha kupoa. Akatuambia, "Huyu alianza tumboni. Nikiweka sahani juu ya tumbo nile, inaruka."

Cherehani amefariki dunia. Alikuwa fundi wa mitambo ya hospitali, kisha akaanzisha kampuni ya teknolojia. Kampuni ndogo, na nikisema ndogo namaanisha ndogo: watu watatu, chumba kimoja, juu ya duka la magodoro. Ametuachia kifaa cha kumtafuta mtu aliye hai chini ya jengo lililoporomoka. Nalirudia hilo kwa aliyewasha redio sasa hivi. Kifaa cha kumtafuta mtu aliye hai, chini ya kifusi, asiyeweza hata kuita.

Turudi nyuma kidogo. Mkabala na hospitali alikofanya kazi palikuwa na ghorofa linajengwa. Asubuhi moja liliporomoka, mafundi wakiwa ndani. Wanajeshi walikuja na mashine zao. Kila baada ya muda ofisa anainua mkono, injini zinazimwa, watu wote wanabana pumzi, yeye anauliza kwa kipaza sauti kama kuna mtu. Upande wa ngazi hakuna aliyejibu, kwa hiyo wakahamia upande mwingine. Walipokuja kuufikia upande wa ngazi, walimkuta fundi rangi. Cherehani, aliyekuwa amevuka barabara kusaidia, ndiye aliyemgusa shingo. Ameshakufa, lakini bado ana joto.

Mdogo wake wa kike, mhasibu wa kampuni, anaikumbuka siku ile. "Dada alirudi, viatu hakuvua. Akaizunguka meza mpaka kizunguzungu nikakipata mimi niliyekaa. Anasema neno moja tu. Hakuwa na nguvu ya kujibu. Hakuwa na nguvu ya kujibu. Nikamwambia, dada, kaa. Akakaa. Mguu ukaanza."

Basi akaacha kazi. Akamchukua mdogo wake na mwenzake mmoja wa hospitalini, ambaye wote wanamwita Fundi, wakaanza kutengeneza kifaa. Kinatuma mawimbi ya redio, ndugu wa haya yanayokuletea sauti yangu. Yanapenya ukuta, yanagonga kifua cha mtu, yanarudi na habari kwamba kifua hicho kinapanda na kushuka. Kwenye kioo unaona mstari wa kijani. Kifua kikisogea, mstari unapanda. Hakuna kitu, mstari umenyooka.

Fedha? Benki zilimpa kahawa na pole. Ndipo aliposikia kwamba wizara ya ulinzi ina fedha za utafiti kwa ajili ya kampuni ndogo za teknolojia. Mama yake alipoambiwa alicheka. "Jeshi? Wewe ambaye kusimama wima kunakushinda, gwaride utaliweza?" Wengi tungeuliza hivyohivyo. Tukisikia ulinzi, tunaona mizinga. Lakini jengo likianguka, nani anaitwa? Jeshi. Na jeshi halikuwa na kifaa cha namna hiyo.

Nieleze utaratibu, maana mdogo mtu alinisisitiza nisiuruke. Kwanza, wanakusaidia uthibitishe kwamba wazo lako lina maana. Pili, wanakusaidia kutengeneza kifaa, na unakijaribu mbele yao. Tatu, kikifaulu, jeshi linanunua. Dirisha la maombi linafunguliwa mara moja kwa mwaka, na likifungwa, hata uje na machozi, limefungwa. Cherehani alipita hatua ya kwanza. Akapewa ya pili.

Wakawa wanajaribu kifaa palepale juu ya duka la magodoro. Meza nzito, juu yake matofali na vipande vya zege, chini yake mtu. Fundi lazima ashike kifaa. Mdogo mtu alikataa katakata. "Mimi sifukiwi nikiwa hai, hata kwa mshahara." Kwa hiyo kila mara aliyelala chini ya matofali ni Cherehani. Na kila mara kifaa kilimwona. Mstari unapanda, wanapeana mikono, wanashuka kununua soda.

Siku ya majaribio ikafika, kwenye uwanja wa mafunzo wa jeshi. Msimamizi alikuwa meja mmoja, mama wa makamo, mpole wa sauti. Koplo alikwisha kulazwa chini ya mabamba ya zege, ameamriwa atulie. Na koplo akiamriwa atulie, anatulia. Fundi akawasha kifaa. Mstari umenyooka. Akasogea kushoto, akasogea kulia. Umenyooka. Kifaa kinasema hapa hakuna mtu.

"Toka, Koplo," akasema Meja. Koplo akatoka, akajikung'uta vumbi.

Fikiria ukiwa Cherehani pale. Umeacha kazi ili mtu asiyeweza kujibu asiachwe tena, na mbele ya jeshi zima kifaa chako kimemwacha.

Walipofika kwenye karakana yao juu ya duka, Fundi alifungua kumbukumbu zote za majaribio, akazitazama upya. Kisha akaanza kutikisa kichwa. Kile kilichokuwa kinapandisha mstari miezi yote ile hakikuwa kifua. Kilikuwa mguu. Kifaa kilikuwa kimerekebishwa kidogo kidogo, bila mtu kujua, kimfuate mtu asiyetulia. Cherehani alicheka mpaka akajishika mbavu. "Yaani tumetengeneza kifaa cha kunitafuta mimi." Halafu kicheko kikamkatika, akaanza kuzunguka meza.

Meja aliwaambia waombe tena dirisha likifunguliwa. Wakaanza upya. Wakawalaza majirani, wakamlaza mwenye duka la magodoro, ambaye alisinzia wakasikia mkoromo kupitia zege. Kifaa kikajifunza kuona pumzi. Lakini pumzi hizo zote ni za watu wenye afya, walioshiba. Yule fundi rangi hakuwa anapumua hivyo. Mtu anayeishiwa nguvu hupumua kidogo sana, tena kwa kusitasita, na huwezi kumwambia jirani aigize hilo. Wote walijaribu. Wote walipumua kama watu wazima wa afya wanaojifanya wagonjwa.

Kisha Cherehani akaanza kuugua moyo. Ngazi za karakana zikamshinda, halafu mlango wa nyumba, halafu kitanda. Mdogo wake anasema, "Madaktari walisema mengi. Mimi niliogopa siku ile mguu ulipotulia."

Ndipo alipoomba. Alisema taratibu, akipumzika kati ya maneno. "Leteni kifaa. Sasa ndiyo napumua vile."

Mdogo wake alikataa. Anakiri alipaza sauti, alikuwa na hasira kweli. "Nilimwambia dada yangu si kitu cha majaribio. Nilimwambia Fundi akileta hicho kitu mlangoni nitakitupa barabarani." Aliyeamua ni mama yao. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, akasema, "Mwacheni. Tangu nimzae nimemwomba atulie. Leo ametulia, na ana sababu yake."

Wakapanga matofali sebuleni, kwenye ukuta wa chumba chake. Mwanzoni kifaa hakikumwona. Fundi akarekebisha. Hakikumwona. Mtayarishaji wangu ananionyesha saa, na angoje. Fundi alirekebisha tena na tena, dirisha la wizara likikaribia kufungwa, mgonjwa akipungua, mpaka mchana mmoja mstari ukainuka kidogo, ukashuka, ukakaa, ukainuka tena. Mdogo mtu alikimbia kumwambia. "Dada, kimekusikia." Cherehani akasema, "Kiacheni kikiwaka."

Wakakiacha. Siku iliyofuata mdogo mtu alikuwa sebuleni akipiga pasi mashuka ya dada yake, jicho moja kwenye kioo. Mstari ukanyooka. Maneno yake nitayasoma kama alivyoyasema. "Nilisubiri uinuke. Nikajiambia kimekosea, kama siku ile ya koplo. Nilikimbilia chumbani nikiomba kwa moyo wangu wote kiwe kimekosea. Hakikukosea."

Baada ya mazishi yeye na Fundi waliomba tena, wakarudi uwanjani kwa Meja. Safari hii chini ya zege uliwekwa mdoli wa mafunzo wenye mfuko wa hewa kifuani. Meja aliagiza hewa ipunguzwe, kisha ipunguzwe tena, mpaka wasaidizi wake wakatazamana. Mstari ukainuka kidogo, ukashuka, ukakaa, ukainuka. Meja akavua kofia. "Yupo," akasema. Fundi alijitenga pembeni akalia, kwa sababu pumzi ile aliijua ni ya nani.

Tunatoa pole kwa mama, kwa mdogo wake, kwa Fundi na kwa wote wa karakana ile. Familia imeomba salamu moja ifike: dirisha la wizara limefunguliwa tena. Kama una chumba kimoja na wazo lisilokupa usingizi, usiseme hilo ni la wakubwa. Nenda kaulize.

Na sisi tuliobaki, tujiulize ni nani kati ya watu wetu amenyamaza, nasi tumeshahamia upande mwingine.

Redioni kimya kinatutisha. Sekunde chache tu, na msikilizaji anadhani mitambo imeharibika. Leo nitanyamaza kwa ajili ya Cherehani. Usiguse redio, wala usihame stesheni. Hutasikia kitu, lakini nipo.