Mnara Uliomezwa na Mvua

Kijiwe chenyewe ni benchi moja refu, mguu wake wa nne ni tofali, limeegemea ukuta wa kibanda cha fundi viatu pale kona ambapo barabara ya lami inakutana na uchochoro. Saa nne asubuhi Shangazi muuza kahawa hutua birika lake pembeni, na benchi hujaa kwa utaratibu uleule. Wakili, ambaye hajasomea sheria ila alikuwa tarishi wa mahakama miaka ishirini na saba, na kwake hilo ni zaidi ya kusoma, hukaa upande wa kivuli. Hewa, fundi baiskeli, hukaa karibu na pampu yake. Katikati hukaa mwenye kibanda, ambaye watu humwita Kisigino kwa sababu akikutana nawe huangalia kisigino cha kiatu chako kabla hajaangalia uso, na akishaangalia anajua unatembea wapi na una haraka gani. Juma hili kijiwe kina neema. Kisigino amerudi siku nne zilizopita kutoka ng'ambo, alikokwenda wiki tatu kumwona binti yake, na huko alipelekwa kutembelea mji wa jirani siku moja, kwenda na kurudi kwa treni. Mji huo una mnara unaosifiwa dunia nzima. Picha aliyorudi nayo kwenye simu ni moja tu: Kisigino, binti yake, mwavuli, na nyuma yao weupe mtupu.

— Leta tena hiyo simu, alisema Wakili. Nataka kuikagua kwa jicho la kisheria.

Kisigino akampa. Yuko radhi kuitoa simu hiyo hata mara mia. Asichoweza ni kwenda nyumbani kula chakula cha mchana.

Sababu ni hii. Siku anaondoka, mkewe alimfuata mpaka mlangoni akamshika mkono wa koti. Binti yao aliaga anakwenda kufanya kazi hospitalini miaka mitatu, na sasa ulikuwa mwaka wa saba. Kwenye simu kila akiulizwa husema, "Tutaona, Mama." "Muulize uso kwa uso," mkewe alisema. "Anarudi lini, basi. Nimechoka kufuta vumbi kwenye godoro tulilomnunulia, bado lina nailoni yake." Kisigino akaapa kwamba atauliza. Sasa kila mkewe akifungua mdomo, yeye anakumbuka kuna kiatu cha mteja kinamsubiri.

— Mnara uko wapi hapa? Wakili aliuliza.

— Nyuma yetu. Kwenye huo ukungu.

— Nyuma yenu sioni hata nguzo ya umeme.

— Mvua, bwana. Ilinyesha tangu tunashuka kwenye treni mpaka tunapanda. Mvua ya kule si kama ya kwetu, haina kelele. Inafanya kazi kama karani: taratibu, na haimalizi.

Hewa akapuliza kahawa yake.

— Mimi nimeshaelewa. Mnara ule ni wa kukunja.

— Wa kukunja?

— Kama antena ya redio. Mvua ikianza wanaukunja usishike kutu. Chuma ni chuma tu, hata kikiwa ng'ambo.

— Na watu walioko juu?

— Wanashuka nao. Hiyo ndiyo raha yenyewe wanayoilipia.

— Hewa, kunywa kahawa yako, alisema Wakili. Mnara haukunjwi kwa sababu haupo. Nimekaa mahakamani, nawajua mashahidi. Shahidi mkweli hutofautiana na mwenzake. Hawa wote waliokwenda huko wanasema maneno yaleyale: mrefu, mzuri, unapendeza. Hayo wamekaririshwa.

— Na ule tunaouona kwenye kalenda? Shangazi aliuliza.

— Wachoraji, Shangazi.

— Basi hiyo mvua?

— Mvua ni yao. Wana mashine. Treni ya wageni ikiingia, wanafungulia. Mgeni akilowa hukimbilia dukani, na akiingia dukani hatoki mikono mitupu. Haya, shahidi ajibu mwenyewe. Kisigino, ulitoka mji ule bila kununua kitu?

Kisigino akanyoosha mkono kuchukua simu yake.

— Tulinunua kitu kimoja. Cha kawaida.

— Kitu gani?

Shangazi hakai, kazi yake ya kusimama, na anayesimama huona chini ya benchi.

— Viatu, alisema.

Macho yote yakashuka. Kisigino akavuta miguu ndani, lakini kesi ilikuwa imeshapotea. Vilikuwa viatu vyeusi vya dukani, vya kiwandani, vile ambavyo yeye mwenyewe huviita sabuni kwa jinsi vinavyoisha.

Hapo lazima ieleweke kwa nini macho hayo hayakuinuka haraka. Kabla ya safari, Kisigino alijitengenezea viatu vya ngozi ya kahawia. Wiki mbili nzima za kuvitengeneza vilikaa juu ya benchi hili, kila mpita njia akilazimishwa kuvinusa. Na juu ya mlango wa kibanda, kwa rangi nyekundu na kwa mkono wake mwenyewe, ameandika: HAPA HATUBANDIKI, TUNASHONA.

— Vile vya kahawia viko wapi? Shangazi aliuliza.

— Nimemwachia binti. Kumbukumbu.

— Binti gani anavaa namba arobaini na nne?

— Wamemnyang'anya, alisema Hewa, naye alianza kusisimka. Mpakani. Wameona ile kazi, wakasema huyu hatoki navyo. Hivi tunavyoongea viko mezani, vimepasuliwa, watu wamevaa makoti meupe wanahesabu mishono.

— Mpaka gani, wakati mji wenyewe haupo? Wakili alisimama, jambo analofanya akifika kwenye hoja ya mwisho. Kisigino, treni ilichukua muda gani?

— Saa moja na robo.

— Uliona nini dirishani?

— Maji kwenye kioo.

— Basi! Saa moja na robo ni muda wa kuzunguka na kurudi palepale. Mmepandishwa stesheni moja, mkazungushwa, mkashushwa stesheni ileile kwa mlango wa nyuma. Wamebadilisha kibao tu. Ndiyo maana wanahitaji mvua, msitambue mlipotoka.

— Lahaula, alisema Shangazi. Na watu wa mji huo?

— Wanazungushwa vilevile. Hakuna anayejua.

Hata Hewa alilazimika kuweka kikombe chini kidogo.

— Mimi naiahirisha kesi hii, Wakili aliendelea, mpaka tumpate shahidi wa pili. Binti mwenyewe. Akifika hapa tutamhoji. Kwani, Kisigino, huyo binti anakuja...

— Vilibanduka! alisema Kisigino kwa sauti kubwa.

— Nini?

— Viatu. Vile vya kahawia. Vilibanduka.

Alijishangaa mwenyewe. Siku nne alikuwa akiificha aibu ile kama mtu anayeficha kidonda, na sasa ameitoa mbele za watu bila kulazimishwa. Lakini aibu ya kiatu aliiweza. Swali lililokuwa linakuja ndilo hakuliweza.

— Uzi wa nta uliniishia, aliwaambia. Imebaki siku moja nisafiri, na soli bado sijazishona. Nikasema nizibandike kwa gundi, nitazishona nikirudi. Nani atajua? Zilikauka hapa juani, zikashika vizuri, hata mimi nikasahau. Tumeshuka kwenye treni, uwanja wa stesheni umejaa maji hadi kwenye kifundo. Nimepiga hatua arobaini, nilizihesabu. Ya arobaini na moja, soli ya kushoto ikabaki nyuma.

— Ikabaki!

— Imelala kwenye maji, mimi nimeshapita. Binti anaiokota, ya kulia nayo inafunguka. Tukarudi stesheni, chumba cha kusubiria. Hiyo picha tulipigwa mlangoni. Mnara sijauona hata ncha.

Hewa alicheka mpaka akashika pampu asianguke. Shangazi alicheka kwa adabu, kitenge mdomoni, kisha adabu ikamshinda. Wakili alisoma maandishi mekundu ya juu ya mlango, polepole, kama anayesoma hati ya mashtaka, na kila neno lilileta kicheko upya. Mpita njia mwenye baiskeli alisimama akauliza nani kafanya nini. Kisigino aliwaacha wacheke. Kicheko kile kilikuwa kinamnunulia muda.

— Na siku nzima mkakaa humo? Wakili aliuliza, akijifuta macho. Masaa mangapi?

— Sita.

— Mkifanya nini?

— Tulikausha soksi.

Ni kweli walikausha soksi. Jambo ambalo Kisigino hakuwaambia ni kwamba hakupata siku nzuri kuliko ile katika wiki zote tatu. Binti alikuwa na siku moja tu ya mapumziko wiki ile, na baba yake aliimaliza akiwa peku kwenye benchi la stesheni, lakini binti alicheka mpaka machozi, kama alivyokuwa akicheka zamani akiwa na meno ya utoto. Alikimbia kwenye mvua akarudi na viatu vyeusi. Akatoa mkate na mayai ya kuchemsha kwenye mkoba. Kisha akavua viatu vyake vya ngozi vya mvua, akaviweka karibu na bomba la kupashia chumba joto, na mkono wa Kisigino ukavichukua kwa mazoea tu, kama mshonaji anavyoshika pindo la nguo ya mtu.

Akavigeuza. Soli ilikuwa imebadilishwa. Chini ya mshono mpya kulikuwa na matundu ya mshono wa zamani, na pembeni yake matundu ya mshono wa zamani zaidi. Mara tatu, na mkono ni uleule mmoja: fundi yule humalizia kushoto, na fundo hulificha ndani. Kisigino anasoma mshono kama wengine wanavyosoma mwandiko.

"Nani anakushonea?" alimuuliza.

"Kuna mzee mmoja pale mtaani kwetu," binti alisema huku akimenya yai. "Nikipita lazima aniulize habari za kazi. Nilimwambia baba yangu anakuja, na yeye ni fundi. Akasema basi atashona vizuri zaidi, asije akaaibika."

Kisigino akavirudisha kando ya bomba. Swali la mkewe alikuwa amelipanga alitoe juu ya mnara, binti akiwa na furaha, mji mzima ukiwa chini yao. Baadaye alijiambia hakuuliza kwa sababu mnara hawakuufikia. Alijua anajidanganya. Mtu anayehesabu siku za kurudi kwao hubandika kiatu, akasema kitanifikisha. Yeye mwenyewe alifanya hivyo kwa safari ya wiki tatu tu. Binti yake alikuwa ameshona mara tatu, kwa fundi mmoja anayemuuliza habari za kazi kila akipita. Kilichomuuma zaidi ni kwamba kazi ilikuwa nzuri.

— Jamani, alisema Hewa ghafla, kwa sauti ya chini. Shemeji.

Mke wa Kisigino hajawahi kukanyaga kijiweni. Akiwa na neno hutuma mtu. Siku hiyo alikuja mwenyewe, kanga ya jikoni kiunoni, simu mkononi, akavuka barabara bila kuangalia magari, na magari yakamwangalia yeye. Wakili akasimama. Hewa akaficha miguu yake yenye grisi chini ya benchi.

— Karibu, shemeji. Karibu ukae.

— Asante, shemeji zangu. Sikai.

Akamgeukia mumewe.

— Mwanao anapiga simu saa kumi. Nataka kujua nianzie wapi. Siku nne unakimbia nyumba yako kama mwizi. Fundi, ulimuuliza?

Kijiwe kizima kilimwangalia Kisigino, kisha kikaangalia kwingine. Wakili, aliyekuwa ameuondoa mji mzima duniani kwa hoja tatu, alichungulia kikombe chake. Hewa akaanza kukaza kitu kwenye pampu ambacho hakikuwa kimelegea. Kisigino alifungua mdomo, na kilichotoka si kile alichokipanga kwa siku nne.

— Mama watoto, ana fundi wake wa viatu kule.

Mkewe hakuuliza hayo yanahusiana vipi. Amekaa na mtu huyu miaka thelathini na mbili. Amempakia nyuzi nta kwenye meza ya chakula, ameishi na viatu vya watu uvunguni, na ameshaambiwa nani kahama mtaa na nani kagombana na mumewe kwa kuangalia soli tu.

— Fundi wake? alisema.

— Wake.

— Ametia soli mara ngapi?

— Tatu.

Akaikaza kanga kiunoni.

— Zimebandikwa?

— Zimeshonwa.

Hewa alitaka kuuliza, Shangazi akamkanyaga. Mke wa Kisigino akaketi, pale katikati, na benchi likalia kwenye tofali lake. Shangazi akainamisha birika juu ya kikombe safi, akaliinamisha zaidi, na hakuna kilichotoka. Ndipo Kisigino akampa mkewe kikombe chake mwenyewe, alichokuwa amekishika tangu saa nne bila kukinywa. Kahawa ilikuwa imeshapoa. Akainywa yote.

— Ni mkono mzuri? aliuliza, akiangalia barabarani.

— Mzuri, alisema Kisigino. Kunishinda mimi.

Hakuna mtu kijiweni aliyewahi kumsikia akisema hivyo juu ya fundi mwingine, aliye hai au aliyekufa. Mkewe akafuta ukingo wa kikombe kwa ncha ya kanga, akamrudishia Shangazi, akaichukua simu yake.

— Basi saa kumi, alisema, nitamuuliza kama mvua imekatika huko kwao.