Pipa Namba Kumi na Nne

Jioni hiyo, mbele yangu kwenye basi, fundi wa mtandao alikuwa akimweleza mama mfagia barabara jinsi mji utakavyokuwa na akili. "Mtandao huu una kasi ya ajabu, mama. Taa za barabarani zitaongea na magari. Mapipa ya taka tumeshayaunganisha. Pipa likijaa tu, kihisi cha ndani kinaona limefika juu, nalo lenyewe linaita lori." Alikuwa na furaha ya baba wa mapacha.

"Na lisipojaa?"

"Linanyamaza. Isipokuwa namba kumi na nne, lile la karibu na posta. Tangu tuliunganishe, wiki ya tatu sasa, linaita lori kila jioni, na dereva anaandika tu: hakuna taka. Nimebadilisha antena mara mbili."

Mama akageukia dirisha, mabega yakaanza kumtikisika. "Mwanangu, humo ndimo ninamosimamisha ufagio wangu nikimaliza kazi. Mwaka wa tisa huu."

Fundi akacheka mpaka kofia ikamdondoka. Mimi nilijifanya nasoma tiketi.

"Basi uuhamishe, mama."

"Niupeleke wapi? Pipa mmelinunulia simu, mimi hata kabati sina."

"Lakini mji mzima, mama, unategemea..."

Simu yake ikalia. Akaisoma, akamwonyesha: namba kumi na nne limejaa.

Basi likasimama kupisha lori la taka lililopita mbio huku likipiga honi.

"Mwone dereva anavyokimbia," mama akasema, akifuta machozi ya kicheko. "Na ufagio wenyewe umechakaa."