Ahadi ya Sista Mellen

Mheshimiwa mgeni wetu wa heshima, Daktari Msimamizi wa hospitali, Mama Padri na wazee wa kanisa, wauguzi wenzangu, familia ya Sista Mellen Bitutu, hamjambo.

Mimi ni Job Momanyi, muuguzi wa chumba cha dharura. Nimeambiwa niseme mawili matatu kuhusu utu wa Sista Mellen, anayestaafu leo. Wasemaji walionitangulia wameusifu utu huo mpaka keki ikaanza kuyeyuka. Basi mimi nitasimulia tu jinsi tulivyoulipa.

Miaka minne iliyopita, asubuhi ya siku ya wakaguzi, nyanya mmoja kutoka kisiwa cha Remba alishuka kwenye boti na mjukuu wake Lorine, wa miaka sita. Mafuta ya kukaangia samaki yalikuwa yamemmwagikia begani, na gauni likagandamana na ngozi. Kule kisiwani watu wazima watatu walimkandamiza wakijaribu kulivua, wakashindwa. Alipotuona na makasi, aliteleza akaingia chini ya kitanda. Daktari wa zamu akaagiza tumvute. Sista Mellen akaomba tungoje kidogo, kisha akalala sakafuni, na sare yake nyeupe, akaingia mvunguni.

“Kik iluor, nyathina,” akamwambia. Usiogope, mwanangu. Yeye ni Mkisii, lakini Kijaluo alijifunza kwa ajili ya watoto kama hao.

Lorine akamuuliza, “Mtanishika?”

“Hapa hakuna atakayekushika kwa nguvu. Hata siku moja.”

Akampa dawa ya maumivu, akamwachia bomba la sindano lililojaa maji, bila sindano yenyewe, na mtoto akawa analowesha gauni lake mwenyewe, tone kwa tone, mpaka likaachia. Ilichukua dakika arobaini. Hakulia.

Je, wakaguzi waliingia wakaona nini? Waliona miguu ya muuguzi ikichungulia chini ya kitanda. Wiki hiyo Sista akapokea barua: amechelewesha huduma na kuishushia sare hadhi. Muuguzi mwenye miaka thelathini kazini akapelekwa chumba cha dobi kukunja mashuka, na huko ndiko tulikomtoa leo ili tumkatie keki.

Nani kati yetu aliyeandika barua ya kumtetea? Niliulizwa nilichokiona. Nilisema nilikuwa nikipanga dawa. Nilikuwa na mke mjamzito, na niliogopa kuhamishwa. Hiyo ndiyo sababu yangu, na haijawahi kunitosha.

Ndugu zangu, kuna jambo Sista Mellen halijui, na nimelibeba mpaka leo. Siku tisa baada ya barua ile, Lorine alirudi kubadilishiwa bendeji. Aliingia akitembea mwenyewe, akachungulia kila pembe akimtafuta sista wake. Dobi iko nyuma ya ukuta ule pale. Ni hatua za kuhesabu. Nyanya yake aliomba aitwe. Tulimjibu kwamba Sista ana kazi nyingine, na foleni ilikuwa ndefu. Bendeji ilikuwa imeshikana na kidonda, na hakuna aliyetaka kupoteza dakika arobaini, kwa kuwa tulikwisha kujifunza zinamgharimu mtu nini.

Tulimshika watu wanne. Mimi ndiye niliyeshika miguu.

Hakupiga kelele, Sista. Ningefurahi kama angepiga. Alinitazama tu, akaniuliza polepole, “Yule sista alinidanganya?”

Nikamwambia atulie.

Hakurudi tena. Nyanya yake alituma neno kwamba mtoto akisikia jina la hospitali anajificha, na kwamba watamtibu nyumbani. Kidonda kilipona vibaya; mkono wake wa kulia hauinuki kupita bega.

Mheshimiwa, cheti ulichomletea Sista ni kizuri, na kimeandikwa “kwa huduma yenye huruma.” Sikikatai. Nasema tu kwamba siku ile, mtoto aliponiuliza, nilijua jibu nikalimeza. Sista Mellen, wewe hukumdanganya. Sisi ndio tuliokufanya mwongo, na mimi nilikuwa wa kwanza.

Nawashukuru kwa kuniachia nimalize. Asanteni.