Injini ya Mwendo

Kijiwe chetu ni benchi moja la mbao mbele ya karakana ya Cheche, fundi wa kuchomelea, na birika la kahawa ambalo halijawahi kututosha. Jana tulishiriki mbio za ridhaa za fomula, yale magari madogo ya kiti kimoja, magurudumu nje, dereva kalala nusu chali karibu na lami. Letu tumelitengeneza hapa hapa. Mabomba kaunga Cheche, kiti kashona Sindano wa cherehani, na injini tuliitoa kwenye pikipiki ya abiria ya Mwendo, tunayemwita hivyo kwa utani, kwa upole wake barabarani. Binti wa Cheche akaendesha, akamaliza wa saba. Sasa Jumapili kuna mbio nyingine. Mwendo akiichukua injini yake, hatuna gari. Akiiacha, wiki nzima hana kazi.

— Jana watu walijaa kwa kufuata harufu, alisema Cheche. Mafuta yakiungua vile, hata mgonjwa anaamka.

— Harufu wapi, alisema Sindano. Walikuwa wanatazama mshono wangu.

— Kwa kasi ile wauoneje?

— Kazi nzuri inaonekana hata ikipita.

Mimi nikasema tulipopita, wale wenye gari la kununua walisimama kwa heshima. Nilitia chumvi, lakini hakuna aliyenisahihisha. Cheche akadai ardhi ilitikisika. Kufikia kikombe cha pili, wale sita wa mbele tulikuwa tumewaachia njia sisi wenyewe, kwa adabu tu. Vichwa vilikuwa vimetuvimba, na kwa haki yetu.

Mwendo akaweka kikombe chake chini.

— Mimi niliisikiliza injini, alisema. Miaka yote naibebesha magunia. Sikujua kama ina sauti ile.

Hapo akafika mama muuza mboga, mteja wake wa kila siku, na kikapu chake.

— Mwanangu, pikipiki iko wapi? Nachelewa sokoni.

Kila mtu akatazama kikombe chake. Cheche akainuka taratibu kwenda kuchukua spana, uso umemshuka. Mwendo akamshika mkono.

— Kaa, fundi. Injini iache humo humo.

Kisha akakipokea kile kikapu, akakiweka begani.

— Twende, mama. Leo tunatembea, nina jambo la kukusimulia.

Walipokuwa wanaikata kona tulikuwa bado tunamsikia, anamwonyesha kwa mkono mmoja jinsi injini yake ilivyowapita wawili kwa mpigo.