Aliyekalia Boksi la Sindano

Mheshimiwa Mkurugenzi wa hospitali yetu, madaktari wenzangu, wauguzi, wataalamu wa picha, shemeji yetu pamoja na watoto, ndugu wageni waalikwa: nimepewa dakika tano za kumuaga Mama Subiri, mtaalamu wetu wa picha anayestaafu leo, na kwa mtu niliyegombana naye miaka kumi na tisa, dakika tano ni uchoyo.

Jina hilo tulimpa sisi madaktari wa upasuaji, tena kwa kejeli. Nani kati yetu hajawahi kuingia mbiombio kwenye chumba chake cha ultrasaundi, akapokelewa na lile neno lake, "Subiri kwanza"?

Mwaka mmoja alikuja fundi cherehani, mama wa watoto watatu, analalamika tumbo. Katika kumpima, ukaonekana uvimbe kwenye ini, ukubwa wa limau. Mimi nikaona saratani. Nikaagiza achomwe sindano siku ileile, tutoe kinyama kikapimwe. Mama Subiri akachukua boksi la sindano, akaliweka juu ya kiti, akalikalia.

Nilikuja juu kama moto wa kifuu. "Mama, inuka, tunachelewa!"

"Tuchelewe tu, Daktari. Mimi hapa naona fundo la mishipa ya damu. Ukilichoma likamwaga damu tumboni, utaliziba na nini? Mpeleke kwanza akapigwe picha ya CT, ile ya kuwekewa dawa mshipani."

Nikampeleka, tena kwa hasira, nia yangu nije nimwaibishe. Tukasimama wawili mbele ya skrini. Dawa ikaanza kung'aa pembezoni mwa uvimbe, kisha ikajaa taratibu kuelekea katikati, vilevile alivyotarajia. Haikuwa saratani.

Fundi wetu alilia. "Sasa nirudi nyumbani na uvimbe wangu?"

"Rudi nao, mwanangu," Mama Subiri akamwambia. "Huyo ni mpangaji asiye na fujo. Baada ya miezi sita uje tumchungulie. Akianza kukusumbua, hawa wenye visu wapo, hawaendi popote."

Alikuja, akachunguliwa, mwaka hadi mwaka. Uvimbe haukukua. Ndugu zangu, sisi husifiwa kwa tulichokata. Ni nani humsifu mtu kwa kovu ambalo halipo?

Sasa nina la kuungama. Mheshimiwa Mkurugenzi, kesho yake baada ya CT ile, kwenye kikao cha asubuhi, ulinipongeza kwa busara, kwa sababu kwenye faili nilikuwa nimeandika: "Nimeamua mgonjwa asichomwe." Mama Subiri alikuwa safu ya nyuma. Alipiga makofi pamoja na wengine, wala hakunitupia hata jicho la pembeni. Makofi yale yananiuma mpaka leo.

Kwa hiyo nalisahihisha faili lile mbele ya mumewe na wanawe. Aliyeamua ni yeye. Mimi nilikuwa nimeshavaa glavu.

Mama, nisamehe, na ahsante sana. Nanyi nyote nawashukuru kwa kunitegea sikio.