Chungu cha Kilio Hakingoji Mradi

Bamama wa mashirika yote ya parokia, na ninyi babaa mliokaa karibu na mlango kama watu wanaotaka kukimbia, amani iwe kwenu. Nimeombwa niseme nilivyoanguka na nilivyosimama tena. Sitataja jina la mtu. Anayejijua atajijua. Nitajitahidi kusema Kiswahili cha kanisani, lakini nikipandwa na hasira nitarudi kwenye kile cha sokoni, mnivumilie.

Babu yangu alitoka kaskazini akaja kufanya kazi ya reli. Mimi nimezaliwa hapa Lubumbashi, ninalima lengalenga kule Annexe, pembeni mwa mji, na mtaani kwetu wananijua kwa mdomo kuliko kwa mboga. Vita vilipozidi kaskazini, ndugu zetu wengi walikimbia wakaja kujenga karibu nasi. Wenyeji wenye mashamba yao tangu zamani waliwapokea vizuri. Lakini watu wanaongezeka, shamba haliongezeki. Ukaanza ugomvi: nani alime wapi, nani ateke maji kwanza. Nyumba zikachomwa. Tukafika mahali ambapo upande mmoja ukifiwa, upande wa pili hauendi kilio. Ndugu zangu, nawaambia, kwetu sisi mtu anayekataa kuja kwenye kilio chako amekwisha kukutangazia vita.

Hapo ndipo sisi wanawake tulipoanzia. Bukari ya kilio, ugali wetu, mnaijua. Chungu ni kikubwa, unga ni mzito, mtu mmoja haiwezi. Mmoja anakishika kisizunguke, mwingine anasonga kwa mikono miwili. Tukakubaliana kwamba kwenye kila kilio mshikaji atoke upande mmoja na msongaji atoke upande mwingine. Hakuna kuhubiriana. Shika, songa. Mwanzoni tulisonga tumenuniana, lakini huwezi kusonga bukari na mtu bila kumwambia asogee huku au akaze pale, na maneno yakianza hayajui kuishia kwenye chungu. Na kijana aliyekula bukari ile aliona haya kwenda kumchomea nyumba mama aliyeisonga. Hakuna aliyetulipa. Unga tuliuchanga wenyewe.

Habari zikafika mjini. Wakaja wageni wa mradi, na magari yao, na fungu lao la pesa. Walisema fungu hilo ni la kuwainua wanawake wanaoongoza kazi ya amani. Tulipiga vigelegele mpaka mbwa wakakimbia. Kisha ikaundwa komite. Rais, baba. Katibu, baba. Mtunza hazina, baba. Tukaambiwa fungu linahitaji watu wanaojua kuandika ripoti na kuongea na benki. Na sisi je? Sisi tungekwenda mjini, kwenye sale, ukumbi wa kukodishwa, kuwapikia wanaume waliokuwa wanajadili amani ya wanawake.

Cheka, mama, cheka. Mimi siku ile sikucheka.

Nilisimama nikauliza kazi yetu imekwenda wapi. Rais wa komite akanijibu kwa upole, ule upole wa kumbembeleza mtoto. "Mama, weye unajua kupika, basi pika. Mambo ya franga achia babaa."

Nikamwambia, "Hii franga ilikuya kwa jina yetu. Miye sitapika."

Kutoka siku hiyo niliuona mwaka wangu mbaya. Walipita nyumba kwa nyumba wakisema mradi utaondoka kwa sababu ya mdomo wangu. Wenzangu wakaamini. Kule mjini walikuwa wanapewa nauli na sabuni, na mtu mwenye watoto hawezi kuidharau sabuni. Siwalaumu sana. Ninawalaumu kidogo, na wao wanajua. Wanunuzi walipita mbele ya mboga zangu wakitazama juu kama wanaotafuta mvua. Mume wangu aliitwa na wazee wa komite, akarudi akaniambia niende nikaombe msamaha. Nilikataa. Akafunga nguo zake akaenda Kambove kuchimba madini pamoja na wachimbaji wengine, na hakuaga watoto. Niliumia, ndugu zangu. Nilijifungia ndani, tension, presha ya damu, ikapanda, misa nikaiacha. Nilimwambia Mungu kwamba kama amani ni ya babaa, basi na ailinde yeye pamoja nao.

Wakati huo vilio vikarudi kuwa vya upande mmoja mmoja. Wasongaji wote walikuwa mjini wakipikia semina.

Ndipo msiba ukatoka huko Kambove. Mchimbaji mmoja, mtoto wa wenyeji, aligombana shimoni na mchimbaji mwenzake, mtu wa kwetu kaskazini, na yule wa kwetu akamuua. Maiti ililetwa nyumbani asubuhi. Jua halijafika kichwani, vijana wa pande zote mbili walikuwa wamesimama kando ya barabara na mapanga. Watu wakakimbilia kwa rais wa komite. Akasema komite haiwezi kwenda popote bila ordre de mission, ile karatasi ya safari yenye muhuri, na bila gari. Alikuwa amepiga simu mjini, watu wasubiri.

Bamama, kilio kilikuwa ng'ambo ya barabara. Mtu akitema mate kwa nguvu yanafika.

Hasira iliyokuwa inaniua ndani ya nyumba ndiyo iliyonitoa nje. Nilijitwisha chungu changu, nikachukua mwiko na unga uliobaki, nikavuka. Nilipita katikati ya mapanga. Msije mkafikiri nilikuwa shujaa. Nilipofika, mama mmoja wa wenyeji akanizuia mlangoni. "Bukari ya mikono yenu, shiye hatutakula." Nikamjibu kwamba wasile, lakini nitapika. Nikakoka moto pale pale uani, wakinitazama. Maji yalipochemka nikatia unga, nikaanza kusonga peke yangu. Chungu kikawa kinazunguka, kinanikimbia. Nilijua mtu mmoja tu akikipiga teke, uji wa moto utanimwagikia miguuni na mapanga yataanza.

Mama mdogo wa marehemu alikuwa amekaa chini kwenye mkeka. Mfiwa hagusi chungu, mnajua. Akainuka, akaja akapiga magoti, akakishika kwa kitenge chake.

"Songa, mama," akasema. "Ule mutoto alikulaka bukari yenu. Hata mu kilio yake batu bataikula."

Nilisonga nikilia, naye alishika akilia. Kisha akaja mwanamke mmoja wa upande wangu na unga kwenye kanga, mmoja wa wale waliokuwa wanatazama juu. Akaja mwingine. Vijana wakabaki na mapanga bila kujua wayaweke wapi, mpaka shangazi zao wakawaambia wakae chini wale. Mume wangu alikuwa amekuja na maiti. Alichukua bidoni akaenda kuteka maji, kazi ya wanawake, mbele ya wanaume wenzake wote. Leo yuko nyumbani. Aliyeua alipelekwa mbele ya sheria, wala sisi wa kaskazini hatukumficha.

Gari la komite lilifika na karatasi yake tukiwa tunaosha vyungu.

Baadaye wageni wa mradi walirudi kutafuta sahihi zetu ili fungu liendelee. Safari hii tulikwenda wote, wa pande mbili. Tukawaambia rais atakuwa mwanamke, mtunza hazina mwanamke, na fungu litanunua unga na kuni kabla ya kukodi sale. Mjumbe wao akasema wafadhili hawajazoea kulipia unga. Yule mama mdogo akamwambia wazoee. Mjumbe akaondoka na karatasi zake bila sahihi hata moja, na safari hii hakuna aliyenigeukia. Tulikaa hivyo miezi mingi, tukichanga kama zamani. Walipokubali, walikuwa wamelipunguza fungu. Tulilipokea hivyo hivyo, kwa sababu linapita mikononi mwetu, na anayeliongoza ni yule aliyepiga magoti siku ile.

Namshukuru yeye kwanza. Nawashukuru wenzangu waliorudi, hata waliochelewa. Namshukuru Mungu aliyevumilia matusi yangu. Na ninyi mabinti mliokaa nyuma, sikilizeni. Mtu akikuletea pesa za kazi yako, muulize nani atakayeamua. Akikuonyesha baba mwingine, mrudishie, hata kama nyumbani hamna chumvi. Watakusema. Wakikuita kichwa nguvu, mkaidi, itika, halafu uendelee na kazi.