Mwanga wa Saa Saba Mchana

Kwenye basi la kwenda mji wa Goya, wazee wawili wasiojuana walikuwa kiti cha mbele yangu wakipokezana kibuyu cha yerba, chai yetu chungu ya majani. Mwenye kibuyu, Eleuterio, alikuwa mtunza ghala jeshini, na alikuwa anasimulia huku akicheka.

"Kanali kaalika wageni waone makombora ya mwanga, yale ya kumulika adui gizani. Wageni wanawahi nyama choma. Basi tukayarusha yote ya ghalani saa saba mchana, jua linawaka! Ulikuwa unaona moshi tu, na makofi wakapiga!"

Nilicheka na mimi, mjinga mimi.

Mwenzake hakucheka. "Mwaka gani huo?"

"Themanini na moja, mwishoni."

"Mwaka uliofuata nilikuwa vitani, kule visiwani tulikopigana na Waingereza. Usiku wanapanda kilima, tunasikia mawe yanaporomoka, hatuoni kitu. Tukaomba mwanga. Tukaambiwa umekwisha. Tulikuwa kumi na wanane, bwana. Tulishuka wanne."

"Mimi niliamriwa tu, ndugu yangu."

"Sijakuuliza."

Eleuterio alijaza kibuyu, akampa kwa mikono miwili. Basi likasimama Bella Vista. Mwenzake alikipokea, akakitazama, akakirudisha kimejaa vilevile, jambo ambalo kwetu hata adui hafanyiwi, akashuka.